Hiyo Nibu Haikuwa ya Urembo

Kuna aina ya video inayozunguka sana siku hizi. Mkono mmoja, karatasi nyeupe, kalamu ya wino yenye ncha ya dhahabu. Mwandishi anabonyeza kidogo, ncha inafunguka, mstari unanenepa. Anaachilia, mstari unarudi kuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Hakuna muziki, ni ile sauti tu ya ncha ikikwaruza karatasi. Na hapo chini watu wamejaa na swali moja: "Hiyo ni kalamu gani?"

Kusema ukweli, hilo ni nusu ya swali. Swali zima ni hili: kalamu gani, wino gani, na ya kazi gani? Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walivichagua vitu hivyo vitatu pamoja. Sisi tunaagiza kalamu peke yake, tunaitia wino wowote tuliopata, halafu tunashangaa kwa nini haifanyi vile ilifanya kwa video. Wengine wanabonyeza zaidi, na hapo ndipo kalamu iliyoishi miaka mia moja inakuja kufia kwa meza ya mtu Nairobi ndani ya wiki moja.

Kwa hivyo leo wacha tupige historia. Nataka ujue hizi nibu zilitoka wapi, kwa nini zilipotea, na mwishowe ujue ununue nini na uitie wino gani.

Kwanza, inafanya kazi aje?

Nibu ni ile ncha ya chuma inayogusa karatasi. Ina ufa katikati unaoigawa meno mawili. Kwa kalamu nyingi za leo, hayo meno ni magumu: bonyeza usibonyeze, mstari ni uleule. Kwa nibu nyumbufu, ile wapenzi wa kalamu wanaita fleksi, meno yanaachana ukibonyeza na yanarudi pamoja ukiachilia.

Wino unajaza ile nafasi katikati ya meno kama utando wa maji. Utando ukishika, unapata mstari mnene. Ukikatika, meno yanachora mistari miwili sambamba yenye nafasi nyeupe katikati. Wenye mchezo huu wanaita hiyo reli, na ukiiona mara moja hutauliza kwa nini.

Reli inatokea wakati wino haufiki haraka vya kutosha. Pengine wino wenyewe ni mkavu, maana yake unatoka kwa ubahili. Pengine ni fidi, kile kipande kinachokaa chini ya nibu na kuuleta wino kutoka tumboni mwa kalamu. Na pengine ni wewe unabonyeza sana au unaenda mbio. Kinyume chake pia ni shida. Wino ukitiririka kupita kiasi, herufi zinafura, mistari miembamba inapotea, karatasi inakunywa na kutoa nywele pembeni.

Kumbuka pia unene unakuja ukivuta kalamu chini peke yake. Ukiipandisha juu huku umebonyeza, meno yanachimba karatasi. Ndiyo maana mwandiko wa fleksi una mdundo: chini nene, juu nyembamba.

Huu si utaratibu pekee wa kupata nene na nyembamba. Neno letu kalamu limetoka Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wagiriki, ambako maana yake ilikuwa mwanzi. Waandishi wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, walionakili misahafu maridadi sana, walirithi utamaduni huo wa kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha pana. Pale unene unatokana na pembe ya kalamu, na hakuna haja ya kubonyeza kitu. Nalitaja kwa sababu watu wengi wanaopenda mwandiko wa nene na nyembamba hawahitaji fleksi hata kidogo. Wanahitaji ncha pana, ambayo ni rahisi kujifunza na ngumu kuharibu.

Unyoya, chuma, na wino uliokula chuma

Kule Ulaya, kabla ya nibu za chuma, watu waliandika kwa unyoya wa bata bukini. Unyoya unapinda wenyewe. Katika karne ya 18 Waingereza walikuwa na mwandiko wao wa mviringo, ulioinama kulia, wenye mistari mizito ikishuka na mistari ya uzi ikipanda. George Bickham aliukusanya katika kitabu chake cha mifano, The Universal Penman, kilichotoka kidogo kidogo kuanzia mwaka 1733. Ulikuwa mwandiko wa biashara: wa hesabu, barua na hati za meli. Karani aliyeandika hivyo hakuwa anaringa. Alikuwa anaonyesha kwamba ofisi yake inaaminika.

Shida ya unyoya ni kwamba unachoka, na lazima uuchonge tena na tena kwa kisu. Hapo ndipo mji wa Birmingham, Uingereza, ukaingia. Mafundi kama Joseph Gillott, aliyepata hataza yake mwaka 1831, walianza kutengeneza nibu za chuma kwa mashine, nyingi na kwa bei ya chini. Wafanyakazi wengi kwenye viwanda hivyo walikuwa wanawake na wasichana. Nibu za Birmingham zilisambaa dunia nzima. Na zilikuwa nyumbufu, kwa sababu zilichukua nafasi ya unyoya, na mwandiko uliofundishwa shuleni ulihitaji ncha inayofunguka.

Sasa angalia wino. Wino mkuu wa Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni uvimbe unaoota kwenye mti wa mwaloni baada ya nyigu mdogo kutaga mayai yake hapo. Uvimbe huo umejaa tanini, ile ile inayofanya chai kali ikaushe ulimi. Cha pili ni chumvi ya chuma. Cha tatu ni gundi inayotoka kwa mgunga. Wengi hawajui kwamba mgunga wa aina hiyo unaota hapa kwetu Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir, na gundi yake inauzwa nje hadi leo.

Tanini ikikutana na chumvi ya chuma na hewa, inakuwa nyeusi na kushikana na karatasi yenyewe. Maji hayaitoi. Ndiyo maana wino huu, tuuite wino wa chuma, ndio ulioandika hati nyingi za zamani ambazo bado tunazisoma. Mwanzoni unatoka umepauka, kisha unakolea siku zikienda. Mwaka 1832 Henry Stephens wa London alianza kuuza wino wake wa aina hiyo ulioonekana buluu ukiandika na kugeuka mweusi ukikauka. Ile rangi ya buluu-nyeusi unayoiona kwa chupa za wino mpaka leo asili yake ni hiyo.

Lakini wino wa chuma una asidi, na asidi inakula chuma. Nibu ya Birmingham ilipata kutu na kutupwa. Hiyo haikuwa shida kubwa maana nibu ilikuwa bei rahisi, kalamu ilikuwa ya kuchovya, na boksi ilikuwa na nibu nyingine nyingi. Huo ulikuwa mpango mzima: nibu ya kutupa, wino wa kudumu. Gundi ilifanya wino uwe mzito kidogo, ukae juu ya nibu bila kudondoka, na utoe ile mistari ya uzi safi kabisa. Kila kitu kilikuwa kimefikiriwa pamoja.

Dhahabu iliingia kwa sababu ya wino

Kalamu inayobeba wino wake ndani ilikuwa ndoto ya muda mrefu. Nyingi zilivuja au zilikataa kuandika. Mwaka 1884, Lewis Edson Waterman, muuzaji wa bima New York, alipata hataza ya fidi yenye mifereji midogo: wino unashuka, hewa inapanda kuchukua nafasi yake, na mambo yanatulia. Kuna hadithi tamu kwamba kalamu mbovu ilimmwagia wino juu ya mkataba na mteja akamtoroka, lakini wanaochunguza historia ya kalamu hawajapata ushahidi wake. Fidi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa kweli, na Waterman akawa jina kubwa.

Ukishaweka wino wenye asidi ndani ya kalamu, nibu inakaa imelowa mchana na usiku. Chuma cha wakati huo hakingeweza. Dhahabu haishikwi na kutu, kwa hivyo nibu za kalamu nzuri zikawa za dhahabu ya karati 14, yaani dhahabu kama asilimia 58, iliyochanganywa na metali nyingine ili isiwe laini mno. Kwenye ncha wakachomelea chembe ya metali ngumu sana ili isilike na karatasi.

Hapa kuna uongo mmoja maarufu wa kuvunja. Watu wanadhani dhahabu ndiyo inayofanya nibu ipinde. Zii. Nibu za chuma za Birmingham zilipinda vizuri kuliko nyingi za dhahabu. Dhahabu iliingia kwa sababu ya kutu. Kupinda kunatokana na umbo: chuma kimefanywa chembamba kiasi gani, meno ni marefu kiasi gani, na fundi amekikaza vipi. Kalamu nyingi mpya za dhahabu ni ngumu kama msumari. Usilipe bei ya dhahabu ukidhani umenunua fleksi.

Waterman walikuwa na utaratibu wa namba unaosaidia mpaka leo. Ukikutana na kalamu yao ya zamani imeandikwa 52, ile 5 inasema inajazwa wino kwa kijiti cha pembeni unachokiinua, na ile 2 ni ukubwa wa nibu. Kalamu za 52, za miaka ya 1910 na 1920, ndizo wapenzi wa fleksi wanazozitafuta kama dhahabu, maana nyingi zina nibu inayofunguka kwa mguso mdogo tu.

Rangi sita, kazi tofauti

Kama kuna kitu kimoja kwenye historia hii ningependa kila mnunuzi akijue, ni kalamu ya Waterman namba 7. Ilitoka mwaka 1927 ikiuzwa dola 7. Kila kalamu ilikuwa na mkanda wa rangi uliokuambia nibu yake ni ya nani.

Nyekundu ilikuwa ya kawaida, ya barua na matumizi ya nyumbani. Zambarau ilikuwa nyembamba na ngumu, na kampuni iliwatangazia wahasibu, kwa sababu mtu wa kujaza tarakimu ndogo kwenye safu hataki mstari unaonenepa ovyo. Kijani ilikuwa ngumu kabisa, ya watu wanaoandika nakala juu ya karatasi ya kaboni. Waridi ilikuwa nyembamba na nyumbufu, na waliotajwa kuipenda ni waandishi wa hatimkato. Zilikuwepo pia buluu ya ncha butu na njano ya ncha ya mviringo.

Soma tena hapo kwa waridi. Kwa nini mtu wa hatimkato, mtu wa kuandika mbio kuliko wote ofisini, apewe nibu inayopinda? Jibu liko kwa Isaac Pitman. Mwaka 1837 alichapisha mfumo wa kuandika kwa sauti, na katika mfumo huo P na B ni mstari mmoja, umeinama vilevile. Tofauti ni unene tu. Mwembamba ni P, mnene ni B. T na D ni hivyo hivyo. F na V ni hivyo hivyo. Kwa mtu wa Pitman, unene wa mstari ni herufi. Akikosea unene, amebadilisha neno. Mfumo wa mpinzani wake, John Robert Gregg, uliotoka mwaka 1888, uliachana na unene kabisa, na watu wa Gregg hawakuhitaji fleksi.

Hapa Kenya Pitman ni jina la nyumbani kwa kizazi kilichotangulia. Kama una shangazi au mama mkubwa aliyesomea uhazili zamani, muulize kuhusu hatimkato. Wengi walifundishwa kwa penseli, lakini somo la nene na nyembamba ni lile lile. Mwambie akuandikie jina lako. Utaona mkono wake unabonyeza na kuachilia bila yeye kufikiri, na hapo utaelewa fleksi kuliko video yoyote.

Marekani nako kulikuwa na mwandiko wa Platt Rogers Spencer, aliyefariki mwaka 1864, uliotawala shule na ofisi za biashara kwa miaka mingi. Umeuona leo asubuhi bila kujua. Jina la Coca-Cola, lile limechorwa kwenye kuta nyekundu za maduka kila mtaa, liliandikwa mwaka 1886 na Frank Robinson, mtunza hesabu wa kampuni, kwa mtindo huo. Angalia ile C ya kwanza, mkia unavyonenepa na kupungua. Mtunza hesabu, si msanii. Hivyo ndivyo watu wa ofisi waliandika.

Ofisi ikabadilika, fleksi ikafa

Wengi watakuambia biro ndiyo iliyoua fleksi. Mi naona fleksi ilikuwa imeshaanza kufa kabla biro haijazaliwa, na waliofanya hivyo ni watu wa ofisi wenyewe.

Mwaka 1894 Austin Norman Palmer alitoa mwongozo wake wa mwandiko wa biashara: mstari wa unene mmoja, mkono unasonga haraka, hakuna mapambo. Taipureta ilichukua barua rasmi. Karatasi ya kaboni ikadai ubonyeze kwa nguvu ili nakala ya chini ionekane, na ukibonyeza fleksi hivyo unaiua. Watengenezaji wakafuata soko. Parker 51, iliyotoka mwaka 1941, ilificha karibu nibu yote ndani ya kofia, na nibu yenyewe haikupinda. Ilikuja na wino wake maalum wa kukauka haraka, na chupa ilionya usiutie kwenye kalamu nyingine kwa sababu ungeziharibu. Hata hapo, unaona, kalamu na wino vilikuwa ndoa.

Biro yenyewe ilianza na wino. László Bíró, mwandishi wa habari kutoka Hungaria, aliona wino wa magazeti unakauka haraka, akataka wino kama huo kwenye kalamu. Ulikuwa mzito mno kupita kwenye nibu, kwa hivyo ikabidi atafute ncha nyingine, ile ya kigololi, huku ndugu yake György akishughulikia wino. Alipokimbilia Argentina, akapata hataza ya kule mwaka 1943. Wamarekani walianza kuuziwa kalamu za kigololi Oktoba 1945, dola 12.50 moja, na nyingi zilivuja kwa sababu wino ulikuwa haujakomaa. Bic Cristal ilipofika mwaka 1950 ikiwa na wino mzuri na bei ya kila mtu, mambo yakaisha. Huku kwetu jina la yule jamaa ndilo likawa jina la kalamu.

Mabadiliko hayo yalisaidia watu wengi sana. Mtoto wa shule anayetembea na biro moja mfukoni hana haja ya chupa ya wino inayomwagika kwa begi. Sijutii hilo. Lakini fleksi ilipoondoka iliondoka na ujuzi wa kulinganisha, na ujuzi huo ndio tunaouhitaji sasa tunapoirudisha kama hobi.

Sasa ununue nini?

Anza na nibu ya G. Ni nibu ya chuma ya kuchovya, na wachoraji wa manga wa Japani wamechora nayo kazi nyingi ulizosoma. Zebra ni moja ya kampuni zinazoitengeneza. Unahitaji nibu, kishikio na chupa ndogo ya wino, basi. Nibu mpya imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, kwa hivyo ioshe kwa sabuni na uifute kabla ya kuchovya, la sivyo wino utakusanyika matone na kuteleza. Ukiiharibu, umeharibu kitu kidogo. Maoni yangu ni kwamba kila mtu angekaa na nibu ya G miezi mitatu kabla ya kufikiria kalamu ya fleksi. Mkono ukishajua kushuka nzito na kupanda nyepesi, hapo unaweza kuongea mambo ya bei.

Hatua ya pili ni kalamu mpya ya chuma inayopinda, kama Noodler's Ahab. Fidi yake ni ya ebonaiti, ile raba ngumu ya zamani, ambayo inashika wino vizuri kuliko plastiki nyingi. Inataka ubonyeze zaidi kuliko kalamu za zamani, na wakati mwingine lazima usogeze nibu na fidi mpaka zielewane. Ni kalamu ya mtu anayependa kufungua vitu.

Hatua ya tatu ni kalamu mpya ya dhahabu iliyotengenezwa makusudi kupinda, kama Pilot Custom 912 yenye nibu inayoitwa FA. Ni laini kweli, lakini ukiandika haraka na mistari minene, fidi yake inaweza kuachwa nyuma na reli ikaingia. Chagua wino unaotiririka na uende polepole.

Hatua ya mwisho ni ya zamani: Waterman 52 na wenzake. Muulize muuzaji mambo matatu. Je, mfuko wa mpira ulio ndani umebadilishwa? Mpira wa asili unaoza. Je, meno yamenyooka na yanakutana vizuri yakiachiliwa? Na je, anaweza kukuonyesha mstari halisi ulioandikwa na kalamu hiyo hiyo? Ukiona picha ya nibu imefunguliwa kupita kiasi ili kuvutia mnunuzi, kimbia. Nibu ikishapindwa kupita mpaka wake, meno hayarudi, na fundi wa kuyarudisha ni nadra.

Na wino je?

Kanuni yangu ni fupi. Kalamu inayomwaga ipe wino mkavu. Kalamu yenye kiu ipe wino unaotiririka.

Kalamu za zamani za fleksi mara nyingi zinamwaga. Ukizipa wino unaotiririka, unapata dimbwi. Zipe wino mkavu kama Pelikan 4001, mistari ya uzi irudi. Kalamu mpya zenye fidi ya plastiki mara nyingi zina kiu. Hizo zipe Waterman ya buluu au Pilot Iroshizuku, ambazo zinatoka bila kubembelezwa. Ukiona reli, badilisha wino kabla ya kuongeza nguvu. Naomba uishike hiyo kuliko kitu kingine chochote hapa.

Kwa kalamu yenye mfuko wa mpira, baki na wino wa upole usio na rangi nzito mno, na uache zile zenye vumbi la kung'aa. Vumbi linakaa kwenye mifereji ya fidi.

Usitie kamwe wino wa mhuri, wino wa printa, wala wino mweusi wa kuchorea wenye gundi au sandarusi ndani ya kalamu ya kujaza. Unakauka ndani na kuwa saruji. Kwa nibu ya kuchovya sawa, hiyo unaifuta baada ya dakika kumi.

Karatasi nayo ni sehemu ya ndoa. Daftari la kawaida la shule linakunywa wino, na mstari mnene wa fleksi ni wino mwingi sana mahali pamoja. Jaribu karatasi kadhaa kabla ya kulaumu kalamu. Ikiwa lazima utumie daftari hilo, wino mkavu ndio rafiki yako.

Maandishi yatakaa miaka mingapi?

Mwaka 1856 kijana wa London mwenye miaka 18, William Henry Perkin, akijaribu kutengeneza dawa ya malaria, alipata rangi ya zambarau ya maabara. Ndiyo iliyofungua mlango wa rangi za kemikali, na rangi hizo zikaingia kwenye wino. Zilikuwa za kuvutia na hazikula nibu. Parker walipoleta Quink mwaka 1931, jina lililounganisha maneno ya Kiingereza ya haraka na wino, watu walishapenda wino safi, wa kukauka mbio, na buluu yao moja ilioshwa ikatoka nguoni. Kwa mwanafunzi hiyo ni baraka.

Lakini wino unaotoka nguoni unatoka pia kwenye karatasi. Maji kidogo au miaka ya jua, na maneno yameondoka. Uingereza ilijua hilo, na kwa muda mrefu wasajili wake wa vizazi, ndoa na vifo walitakiwa kutumia wino wa chuma. Walielewa kwamba mtu anaweza kuja kutafuta jina la bibi yake miaka themanini baadaye.

Wino wa chuma bado unauzwa, umepunguzwa ukali ili ufae kalamu za kujaza: Salix na Scabiosa za Rohrer & Klingner, Platinum ya buluu-nyeusi, na ule wa wasajili wa Diamine. Unaendana vizuri sana na fleksi ya dhahabu. Ni mkavu kiasi, unachora uzi safi, na haufuri kwenye karatasi mbaya. Masharti ni mawili. Usiuache ukaukie ndani ya kalamu, na osha kalamu kwa maji kila unapobadilisha. Kwa nibu ya chuma, ukubali kwamba siku moja itapata kutu, kama zilivyopata za Birmingham.

Jaribu hivi kabla ya kuamua. Andika sentensi moja kwa kila wino ulio nao, kwenye karatasi moja. Funika nusu ya kila sentensi kwa kadibodi, kisha ibandike dirishani upande wa jua. Iache mwezi mmoja. Jua letu halina huruma, litakupa jibu bila wewe kusoma maoni ya mtu yeyote. Halafu dondoshea tone la maji kila mstari.

Kama ni noti za mtihani wa wiki ijayo, tumia wino wowote unaokupendeza. Kama ni shajara, au barua kwa mtu unayempenda, au jina la mtoto na siku aliyozaliwa, tumia ule uliobaki kwenye karatasi. Ukishajua hilo, kurudi nyuma kuchagua kalamu itakuwa kazi ndogo, na pengine utagundua ile uliyo nayo inatosha.